Mutuelle Inasema ni Mawe ya Volcano

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imelaza vumbi nyeusi, na mimi niko na furaha ya kijinga, sijui niiweke wapi.

Divine wangu ana miaka sita. Anaanguka, anamwaga, anavaa viatu kushoto kwa kulia. Docteur alisema ni dyspraxie: akili iko sawa, lakini mikono na miguu inapokea habari en retard, imeshachelewa. Dawa yake si sirop. Ni mazoezi ya viungo kwa kiné kila wiki, na mutuelle yetu ya afya ndiyo ingelipa.

Mutuelle ilikataa mara mbili.

Kwanza walisema ugonjwa huo hawaujui. Halafu wakajibu hivi, naapa: "Mutoto anaanguka kwa sababu ya mawe ya volcano. Goma yote inaanguka."

Mama mukwe wangu, ambaye vita ilimutoa Kalengera ikamuleta kwetu, aliwaunga mukono. "Muache mutoto. Baba yake alianguka hivyo hivyo mpaka akaoa." Nikamuangalia bwana yangu. Alikuwa anatafuta kiatu.

Nikapinga tena. Niliandika kwamba Divine anaanguka hata kwenye ciment ya kanisa, mahali mawe ya volcano hayakufika. Leo wakatuita ku bureau yao, mutaa wa Himbi, muzee mwenye kushika dossier yetu ajionee mwenyewe.

Bureau ya Himbi! Carreaux za chini zinang'aa mpaka unaona pua yako. Muzee, shati nyeupe, akamuambia Divine, "Tembea, mama mudogo, mpaka ku dirisha."

Na Divine akatembea. Polepole, kichwa juu, kama bibi harusi. Hata kiti hakugusa.

Nilisali aanguke. Kidogo tu. Mama gani anasali hivyo?

"Unaona, mama Divine?" Muzee akafunga dossier. "Kwenye carreaux hakuna shida. Ni mawe."

Machozi yalinifika karibu. Kutembea vile alifundishwa na kiné, kwa séances chache alizotupa bure, na sasa maendeleo yake ndiyo yanamunyima zingine! Nilimuambia muzee. Hakusikia. Alikuwa ameshafungua frigo, roho nzuri tu, amupe mutoto sucré, soda ya baridi, ya kumupongeza.

Sucré nyekundu. Chupa wazi.

Ningeweza kusema, "Muzee, ngoja."

Nikavuta kitenge changu pembeni.

Divine akanyoosha mikono yote miwili, vile nilimufundisha kupokea kitu kwa mukubwa. Wa kushoto ukafika mapema, wa kulia ukachelewa, chupa ikapita katikati. Shati ya muzee, suruali, dossier, vyote vikalowa.

Na mimi, kwa heshima yote: "Muzee, na hii, ni mawe ya wapi?"

Alijiangalia tumbo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka secrétaire akakuja kuchungulia. Akafungua dossier yenye kunata, akasaini kiné alipwe mpaka mwisho wa mwaka.

"Lakini mama," akasema, "hapa usimulete tena."

Njiani Divine akanivuta kitenge. "Mama, nimeharibu?"

"Hapana, mama. Leo umefanya kazi."

Kabla ya kufika nyumbani alianguka kwenye mawe. Na mimi pia, nikimuinua. Labda muzee alisema kweli kidogo, lakini hiyo sitamuandikia.

Jumatatu tunaanza tena kwa kiné. Viatu nitamuachia avae mwenyewe, kushoto kwa kulia, hata tukichelewa.