Kidole cha Mpiga Kengele

Zegereni, Kibaha

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, vumbi la kiwanda tu ndilo linalonikaba. Ile programu niliyoiunda kwa ajili ya kamera za kiwandani sasa haidanganyiki: wingu likipita na mwanga ukibadilika, haisemi tena kwamba kitu kimesogea. Inafuata kinachosogea kweli.

Basi nikaipa ile video ya Baba uliyonitumia, kengele ya kanisa ikilia. Ulisema mkono wake uliopooza haukusogea, ni kivuli cha pazia. Baba mdogo naye anataka mazoezi yake ya viungo hospitalini Kisarawe yaachwe.

Mama, si kivuli! Jumatatu mpeleke mazoezini, Baba mdogo abaki na maneno yake. Kila kengele inapolia, kidole cha Baba kinajikunja, kana kwamba bado anaivuta kamba yake.

Binti yenu,
Dina