Maharage Uliyokataa Kula

Dada Mwanaidi, mke mwenzangu,

Amani iwe nawe huko uliko. Ungeshangaa kuona nakuandikia, mimi niliyekaa nawe miaka yote hapa Mzenga nikichungulia kila chungu chako kabla sijala. Miezi minne sasa tangu tukuzike. Mume wetu yupo, anakohoa tu. Nyumbani kwako analala binti yako Zuhura, peke yake.

Unaikumbuka siku ya maharage mekundu. Ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, na mume wetu karudi shamba la kijiji mchana na njaa yake. Ulipika wewe. Ukatupakulia, ukakaa pembeni, ukasema, "Nyie kuleni, mimi leo sili." Baada ya saa mbili hivi nilikuwa natapika nyuma ya nyumba, mume wetu anatapika, wanangu wanatapika. Wewe mzima! Na Zuhura alikuwa hajarudi shule. Hilo nalo nililitia moyoni. Nikawaambia wanawake kisimani kwamba umetulisha sumu. Tangu hapo, ukipika kwenye shughuli, watu wakawa wanashiba ghafla.

Juzi nimepika mimi. Kuni zilikuwa chache na kengele ya shamba ikalia, nikayaacha maharage yaivie kwenye makaa. Kitinda mimba wangu alitapika mpaka akalegea. Nikatazama huku na huku nimtafute wa kumshuku. Hupo.

Bibi maendeleo aliyekuja kutoka Kibaha kutufundisha akina mama aliniuliza nilivyopika. Akasema maharage yanajenga mwili wa mtoto na kuongeza damu, ila haya mekundu yasipoiva yana sumu yake yenyewe. Uyaloweke usiku kucha, maji yale umwage, utie mengine, yatokote kwa moto mkali, kisha uendelee mpaka yabonyee kabisa. Moto wa makaa tu hauiondoi ile sumu. Hata yeye nilimtilia shaka. Nikapika alivyosema, nikala peke yangu, nikangoja. Sikudhurika.

Hapo ndipo nikakumbuka kuni. Siku ile ulipotoka kuchota maji, nilichomoa vijinga viwili chini ya chungu chako nimchemshie mume wetu maji ya kuoga, nionekane nimekuwahi. Sikuvirudisha. Ulikuta makaa, wala hukuuliza.

Na Zuhura ameniambia siku ile ulikuwa umefunga, unalipa siku zako za Ramadhani, ukaona haya kutaja mbele ya mume. Nalia, Dada. Nisamehe.

Kesho nitayasema haya kisimani, palepale nilipokuchafulia jina. Leo nimempikia Zuhura maharage. Ameitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Mama mdogo, anza wewe."

Nimeanza. Nakuahidi nitaanza kila siku, mpaka atakapoacha kunitazama nilivyokuwa nakutazama wewe.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako, Tatu