Marubani wa Ya Chai

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limetulia, na Mama hajambo yeye na ubishi wake. Huku sisi wazima. Mjukuu wako ameingia darasa la pili, meno mawili ya mbele yamemtoka, na amejifunza kupiga mluzi kwa lile pengo mpaka jirani wa juu ameleta malalamiko. Anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini Mama akishika simu huweka sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia, na haya nataka uyasome peke yako kwanza. Baadaye msomee mwenyewe ukipenda.

Wiki iliyopita uliniuliza kazi inakwendaje, nikakujibu tunashukuru. Ukweli ni kwamba nimechoka, Baba. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Unajua kampuni yetu haibebi abiria, tunapiga picha za ardhi kwa ajili ya watu wa ramani. Napaa na mpiga picha amekaa nyuma, kamera inatazama chini kupitia tundu la sakafuni, na tunakwenda mstari, tunageuka, tunarudi mstari, kama mtu anayelima kwa trekta, kwa muda wa saa tano kila siku. Ukipinda kidogo tu picha haifai, unarudia. Nikishuka, masikio yanavuma hadi jioni. Lakini hiyo ni kazi niliyoichagua mwenyewe, siilalamikii. Kilichonimaliza ni kingine.

Sheria inamkataza rubani aliyefika umri wako kubeba abiria, na wewe ilikukuta hiyo. Kwa kazi yetu haimkatazi, mradi daktari amempitisha. Mkurugenzi wetu aligundua jambo hilo mwaka juzi, na hakulala nalo. Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja tunayemwita Mzee Glavu, kwa sababu harushi ndege bila glavu zake za ngozi, hata jua likiwaka vipi. Ameendesha ndege kubwa miaka thelathini na mitano. Alipoulizwa anataka mshahara gani alicheka, akasema pensheni inamtosha, wampe ya chai na mafuta ya gari.

Laiti angekuwa mtu mbaya, Baba, ningejua pa kumweka. Lakini yule mzee huwasalimu mafundi kwa kuwauliza watoto wao mmoja mmoja, na hufuta kioo cha ndege kwa kitambaa alichokuja nacho kutoka kwake. Siku moja niko kwenye mstari wa nne, injini ikaanza kukohoa. Nikaita ofisini. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye redio. Akaniambia kwa sauti ile ile anayoombea sukari, "Usiguse kitu kwanza, mwanangu. Hesabu mpaka tano, halafu niambie unaona nini." Nilipofika tatu nikaona. Nilikuwa nimesahau kuhamia tangi la pili la mafuta. Kwa uchovu tu. Niliposhuka hakumwambia mtu, na mimi sikumwambia mtu mpaka leo.

Baada yake akaja mzee wa pili, kisha wa tatu, wote kwa ya chai. Hapo Mkurugenzi akatuita sisi wanne tunaoishi kwa kazi hii. Alisema wazee wanaruka vizuri kuliko sisi, hawauguliwi na watoto, hawaombi likizo ya uzazi, na hapo alinitazama mimi. Kisha akauliza, "Nyinyi mkiwa mimi, mngewaambia nini wenye kampuni?" Mshahara ukashuka kwa theluthi moja kuanzia mwezi ule, na aliyeona haumfai akaonyeshwa mlango. Wawili waliondoka. Mmoja anauza bima, mwingine ameacha kupokea simu zetu. Tukabaki mimi na Mrefu.

Mrefu unamkumbuka, ndiye aliyekuja nami kwenye harusi ya kaka, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango wako mara mbili. Ana mapacha wa miaka mitatu. Mama yake aliuza kiwanja ili asomee urubani, na hakupata kingine. Tukawa tunagawana siku zile ambazo wazee hawakuzitaka: siku za upepo, za vumbi, za sikukuu.

Kuna mchana mmoja nilimfuata Mzee Glavu pale nje ya banda la ndege, anakunywa maji. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba angedai mshahara kamili, hata yeye peke yake, sisi tungepumua. Hakukasirika. Alivua glavu, akazikunja. Akasema, "Nikidai mshahara, mwanangu, atanichukua nani? Tangu mama watoto afariki, ile nyumba ina ukimya wa kukutoa roho." Asubuhi iliyofuata alikuja kazini kama kawaida, akanisalimu kama kawaida.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikalisha kwenye kiti hiki tangu asubuhi, mbele ya karatasi.

Mwezi wa tatu ulimwandikia Mkurugenzi barua bila kuniambia. Najua, kwa sababu aliniita akaniwekea mezani. Kabla sijasoma neno niliujua mwandiko wako, herufi zimeinama zote upande mmoja kama watu wanaopanda mlima. Uliandika kwamba bado una nguvu, leseni yako ni hai, na ungependa kuruka tena hata kwa nauli ya basi tu. Mstari huo wa nauli niliusoma mara tatu.

Mkurugenzi hakuzungukazunguka. Alisema ukija, Mrefu ataondoka, kwa kuwa hana sababu ya kuwalipa wote wawili. Mimi nitabaki, alisema, wala nisiwe na wasiwasi. Kisha akaniuliza, "Baba yako mzima kweli?"

Nikasema hapana. Nikasema moyo unakusumbua, daktari amekukatalia cheti, ila wewe hutaki kukubali na sisi nyumbani tunakuacha tu. Nilisema huku nimemtazama usoni. Na nilijua, Baba, kwamba mwezi mmoja nyuma daktari alikupitisha bila swali. Mama alishaniambia kwamba unapima presha kila asubuhi na kuiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, hukosi hata siku moja. Mkurugenzi alinipa pole. Nikaipokea.

Ndiyo maana hukujibiwa. Uliponiuliza kwenye simu kama siku hizi barua hupotea, nilikwambia posta haiaminiki.

Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya Mrefu na wanawe. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba niliona aibu. Kwa mwaka mzima nimewasema wale wazee jikoni kwangu, nimewaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa, na sikuweza kuvumilia wewe uje ukae katikati yao. Wewe uliyenibeba mabegani kunionyesha ndege zikitua.

Na uongo wangu haukumsaidia yeyote. Wiki mbili zilizopita Mkurugenzi alimpata mzee mwingine, na Mrefu akaambiwa asirudi Jumatatu. Nilimpeleka nyumbani kwa gari langu, magoti yake yamegusa kidevu, sanduku la vitu vyake kwenye mapaja. Tulipofika mlangoni kwake aliniuliza kama namfahamu mtu anayetafuta dereva. Wa gari, akafafanua, kana kwamba ningeelewa vingine. Mkewe alikuwa barazani anaanua nguo. Alipoona lile sanduku aliacha kuanua.

Ijumaa nikapiga moyo konde, nikaingia kwa Mkurugenzi, nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba baba yangu ni mzima na cheti anacho. Nilitegemea anifukuze. Nilishabeba hata kikombe changu kwenye mkoba. Yeye alinitazama kidogo tu. Hakuuliza kwa nini. Aliomba namba yako ya simu.

Nimempa. Atakupigia wiki hii.

Nilikuzuia mara moja kwa uongo, na sina haki ya kukuzuia tena hata kwa kweli. Anga uliijua wewe kabla yangu. Ukitaka kuja, njoo, nitakupokea mimi mwenyewe na chumba cha mtoto nitakuandalia. Ila nakuomba kitu kimoja, kama binti yako na kama rubani mwenzio. Akikuuliza unataka kiasi gani, mtajie mshahara kamili wa kapteni, kisha nyamaza. Usicheke. Usijaze ukimya wake kwa kushusha. Pengine atakubali, na hapo Mzee Glavu na wenzake watajua kwamba inawezekana. Pengine atakata simu, na najua itakuuma, kwa sababu najua daftari lile ni la nini. Lakini kiti anachotaka kukupa, Baba, kimekaliwa. Sasa hivi kimebaki kimoja tu cha mshahara, na aliyekikalia ni mimi.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie nguo za mtoto zimefika na zimemtosha. Msalimie kaka na wote nyumbani. Ukiweza kunisamehe, niandikie. Usipoweza, niandikie hivyo hivyo.

Ni mimi,
binti yako wa pili