Siku Saba Kisiwani Funguni

Jumanne, 9 Septemba 1986

Mwaka mmoja, miezi minane na siku nne tangu niondoke Pemba. Huku Arabuni, Ibra bado joto. Tumepanga matofali tangu alfajiri mpaka saa tano, tukapumzika, tukarudi saa tisa. Ni ukuta wa nyumba ya mtu wa Mudhaibi. Mgongo unauma. Vidole vimepasuka kwa saruji, naandika kwa shida.

Kwenye banda la vifaa nimeona gazeti la Kizungu limefunika ndoo ya rangi. Ndani yake picha ya ukurasa mzima. Bahari, mchanga mweupe, mwanamme na mkewe na watoto wawili, wamekaa wanakula tikiti. Hakuna mtu mwengine. Hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna aliyekuja kutoa salamu akakaa mpaka magharibi. Msimamizi anajua Kiingereza, akanisomea. Mapumziko rahisi kwa mtu na familia yake, visiwa vya Karibi. Nikauliza Karibi ni wapi. Akasema mbali, upande wa Marekani, na hiyo rahisi yao, nauli peke yake inamaliza mishahara yangu ya miaka mitatu.

Nimeikata ile picha. Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna kazi. Nimefua. Nimefikiri.

Sasa najua hasira ilitoka wapi. Likizo iliyopita nilikaa nyumbani siku thelathini. Siku thelathini zote ukumbini, nimevaa kanzu, napokea watu. Mtu wa Arabuni karudi, lazima aonekane. Huyu ametaka saa, huyu shuka, huyu amekuja kuangalia nimenenepa au nimekonda. Kula nilikula na wanaume. Mke wangu Mize nilimuona akipita na sinia. Ali, mwanangu mkubwa, alikuwa akitumwa dukani kutwa nzima. Na Hidaya, alikuwa na miaka minne, aliniita mgeni. "Mgeni anataka maji." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Siku ya kuondoka alinipa mkono kama watoto wanavyofundishwa kumpa mkono mgeni.

Sikula hata mara moja na mke wangu na wanangu peke yetu. Hata mara moja.

Jumapili, 14 Septemba

Si lazima Karibi. Kisiwa tunacho. Funguni, nusu saa kwa boti ya mashine kutoka pwani yetu. Kuna nyumba ya vyumba viwili, aliijenga bwana mmoja wa karafuu zamani, sasa iko tupu na mlinzi wake tunajuana. Atatupa kwa bei ndogo, na kilo mbili za halua ya huku atafurahi zaidi.

Maji hakuna, ni kuchukua madumu. Mchele, mkaa, chandarua, sufuria mbili. Samaki wako hapo hapo. Januari kaskazi inavuma, mvua hakuna. Siku saba. Sisi wanne.

Nimemwambia Salum, mwenzangu wa chumba, mtu wa Tanga. Amecheka mpaka akakaa chini. Ananiita Bwana Karibi. "Bwana Karibi, chai iko tayari. Bwana Karibi, zamu yako kufagia." Na acheke.

Ijumaa, 19 Septemba

Mize hajui kusoma barua, na sitaki asomewe na mtu. Nimerikodi kanda. Nimemtoa Salum chumbani, nikafunga mlango, nikazima feni isipige kelele. Joto la kufa mtu. Nimeanza hivi: Mize, hii sikiliza peke yako. Nikamueleza kila kitu. Mlinzi, madumu, chandarua. Nikasema sitaki mtu yeyote afuatane nasi, si Faki ndugu yangu, si mashangazi, hata mama. Nikamwambia na maneno mengine ya mtu na mkewe.

Yupo mtu wa Chake anasafiri kesho. Nimempa mkononi.

Jumapili, 28 Septemba

Tajiri yetu Bwana Nasor amekubali likizo. Yeye ni Mmanga aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Lakini amenikata. Nilitaka siku arubaini, amenipa ishirini na tano, toka tarehe tatu Januari. Ukitoa safari, kwenda na kurudi, zinabaki chache. Sikubishana. Zikiwa chache ndiyo sababu zaidi. Saba ziwe zangu, zilizobaki wagawane watu.

Alkhamisi, 9 Oktoba

Hakuna jibu. Nimenunua chandarua kikubwa sokoni. Nimenunua na mpira wa Ali. Wa Hidaya sijui ninunue nini. Sijui anapenda nini. Nimesimama mbele ya duka kama mpumbavu mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hakuna jibu. Kila gari inayotoka Maskati nakwenda kuuliza. Salum ananiambia nitulie. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta pa kukaa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kanda imefika. Bora isingefika.

Mize hana redio. Redio kaseti iko kwa Faki, nilimnunulia mimi mwenyewe likizo iliyopita. Na kwetu kanda ikija kutoka Arabuni haisikilizwi na mtu mmoja. Inatandikwa mikeka uani, watu wanaitwa, mama anakaa kwanza, ndipo inawashwa. Hivyo ndivyo tulivyosikiliza kanda za mjomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nakimbia kuwaita watu. Nilijua. Nilijua yote haya na nikakaa hapa na feni imezimwa nasema Mize sikiliza peke yako.

Wamesikia wote. Na maneno ya mtu na mkewe wamesikia.

Faki ndiye anayesema kwanza, anacheka. "Kaka, assalaam aleikum. Tumekusikia, mtaa mzima. Sasa usiwe na shida, mambo nimeyapanga mimi. Boti mbili, mbuzi mmoja, sisi ni watu thelathini na mmoja bila ya wanaonyonya. Shangazi anauliza hiyo nyumba ina choo?" Nyuma yake vicheko. Sauti ya mwanamke: "Mwambie chandarua alete vitatu!"

Kisha mama. Maneno machache. "Mwanangu. Nimesikia. Hata mama. Haya. Mungu akuweke." Basi.

Kisha wanamsukuma Hidaya. "Sema na baba. Sema basi." Halafu sauti yake, imekua. "Baba yupi?"

Mize hakusema. Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu namsikia kwa mbali anafukuza kuku. Ni hilo tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sikula. Salum leo hakuniita Bwana Karibi. Hilo limeniumiza zaidi.

Nimemvunjia mama heshima mbele ya watu. Nimemwaibisha mke wangu. Na kisiwa sasa ni ukumbi ule ule umezungukwa na maji.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimejenga dirisha upande usiokuwa wake. Ukuta umepanda mpaka kifuani ndipo Bwana Nasor akaja. Akasimama, akatazama, hakupiga kelele. Akasema, "Khamis, huyu mtu anataka kutazama mitende yake. Wewe umempa ukuta wa jirani." Nimebomoa. Nimeanza upya. Jua lote la leo limekwenda hapo.

Akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Akasema sawa. Alijua ni uwongo.

Kurikodi kanda nyengine siwezi. Kumuomba mama radhi kwenye mashine ile ile, uani, Faki ameshika kitufe? Siwezi. Barua itasomwa na Faki. Kila njia ina watu thelathini na mmoja.

Ijumaa, 7 Novemba

Bi Zuwena anakwenda Unguja na Pemba. Ni mama yake Bwana Nasor. Hajarudi huko tangu alipoondoka na watoto, miaka ishirini na zaidi. Ana dada yake Chake Chake. Nyumbani kwao wote wanalia na kufunga mizigo.

Nimekwenda baada ya sala ya Ijumaa. Nimesimama mlangoni nikashika kofia mkononi. Aibu niliyokuwa nayo. Mimi fundi wa matofali, namweleza mama wa tajiri kwamba nataka kulala kisiwani na mke wangu. Lakini ni mtu mzima, si kanda. Nimemwambia yote, hata neno la Hidaya.

Alinisikiliza hakunikatiza. Kisha akasema, "Kwa hivyo wewe unataka fungate."

"Si fungate, bibi. Watoto watakuwepo."

"Ala! Fungate na watoto wawili? Wallah sijapata kuona." Akacheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Kisha akanitazama. "Mkeo nimwambie nini?"

Nikasema, mwambie achague yeye. Ama nifike bila kuwaambia watu siku ya kufika, tuondoke moja kwa moja pwani mimi na yeye na watoto. Ama tuache kabisa, nikae ukumbini kama siku zote.

"Na mamako?"

Nikasema naomba radhi zake. Akasema, "Khalas. Nitaanza kwa mamako. Mkeo baadaye." Sikuthubutu kubisha.

Jumatano, 12 Novemba

Kaondoka alfajiri. Nimewapakilia mizigo garini. Masanduku tisa. Hakuniambia kitu juu ya lile jambo. Pengine keshasahau.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumekwenda Bidbid kuchukua saruji. Tumesimama njia panda tukisubiri lori jengine. Magari ya Sur huku, ya Nizwa huku, ya Maskati huku. Saa mbili nimehesabu magari. Salum akasema, "Unamtafuta bibi humo? Bibi yuko Pemba anakula shokishoki zako." Nimecheka. Mara ya kwanza tangu ile kanda.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna habari. Usingizi mbaya. Nikiamka najikuta napanga. Dumu la kwanza la kunywa, la pili la kupikia. Kisha nakumbuka kwamba hakuna safari. Kisha napanga tena.

Nimeanza kuona kosa langu lilikuwa wapi. Si kanda tu. Mama ana haki na mimi kuliko mtu yeyote, na nilimweka mwisho wa orodha, nyuma ya mashangazi. Nilitaka kukaa na mtoto asiyenijua, nikamsukuma anayenijua.

Alkhamisi, 11 Desemba

Karudi. Wameniita baada ya asri. Bi Zuwena kakaa mkekani, mweusi wa jua, anagawa karafuu kwa wajukuu. Naandika maneno yake kama yalivyo, nisiyasahau.

"Nilimkuta mamako anapepeta mchele. Nikamwambia nimetoka Ibra, nimetumwa na mwanao. Akasema, kanda nyengine? Nikamwambia kanda ni mimi. Akaniwekea kiti."

Walikaa siku nzima wakazungumza. Walikuwa wakijua watu wale wale wa zamani. Mama alimwambia: "Angeniambia mimi, ningekaa mlangoni nikawazuia wote. Ameiambia mashine. Sasa mashine imewaambia watu, na watu wameshanunua mbuzi."

Mbuzi huyo hawezi kurudishwa. Mama kaamua hivi. Siku ya kwanza wote wanakwenda Funguni. Watapika, watakula, watanitazama mpaka washibe. Alasiri boti mbili zinawarudisha. Mama mwenyewe atakuwa wa mwisho kupanda, ahesabu vichwa, asibaki mtu nyuma ya mti. Baada ya hapo asikanyage mtu mpaka siku ya saba. Na mimi nikirudi kutoka kisiwani, nalala kwake usiku mmoja kabla ya kumwona mtu mwengine. Ndiyo sharti lake.

Nikauliza, na radhi? Bi Zuwena akasema, "We mtoto huelewi? Hizo ndizo radhi."

Siku sita badala ya saba. Nimezipokea.

Ijumaa, 12 Desemba

Jana nilitoka mbio nikasahau kuuliza habari za Mize. Nimerudi leo. Bi Zuwena akasema alikuwa akiningoja nirudi, alitaka kuona itanichukua muda gani.

Mize anasema alikaa kimya kwenye kanda kwa sababu angefungua mdomo angenitukana mbele ya mama. Anasema wanawake kisimani mpaka leo wanamsemea maneno yangu, kwa sauti yangu. Anasema akiniona atanitukana, lakini Funguni, ambako hakuna wa kusikia. Anasema nisilete sufuria, sufuria anazo, nilete sabuni nzuri.

Bi Zuwena aliniigizia yote, mpaka mkono kiunoni. Nilimwona Mize kabisa.

Ijumaa, 2 Januari 1987

Mzigo umefungwa. Chandarua, mpira, sabuni, halua ya mlinzi, kanga mbili za mama. Salum ameniazima sanduku lake zuri na amekataa kuniambia neno la kuchekesha. Kanipikia wali.

Zawadi ya Hidaya sikununua. Nimeogopa kukosea. Nitamuuliza mwenyewe anapenda nini, halafu nitamletea safari ijayo, na nitakuwa najua.

Nilikuwa na haraka miezi minne. Leo sina. Naogopa kidogo. Sijui mtu anafanya nini siku sita na mtoto asiyemjua, hakuna wageni wa kupokea, hakuna pa kujificha. Pengine tutateka maji kwenye dumu. Pengine tutakaa tu.

Upepo wa Ibra leo baridi. Nimekwenda kuutazama ule ukuta. Dirisha liko mahali pake, mitende inaonekana.

Kesho Maskati, kisha Dar, kisha Unguja, kisha meli. Jumatano tarehe saba, inshallah, niko nyumbani.