Wasifu Wako Niliouchapa Ujerumani

Shangazi Robi,

Shikamoo. Nimesharudi Nyangoto. Steshenari yako bado imefungwa, na kila nikipita hapo nakutafuta dirishani.

Ulipofariki nilikuwa Ujerumani kwenye mafunzo ya hoteli, nisingeweza kuwahi maziko. Kaka Chacha akanipigia, akasema ukoo umekubaliana wasifu wako niuandike mimi, kwa kuwa ndiwe uliyenilea. Nikaenda maktaba ya mji, nikakaa kwenye kompyuta yao, nikachapa kama ulivyonifundisha, bila kutazama vidole. Ulikuwa unavifunika kwa khanga, unasema, "Bhoke, macho ni ya kusoma karatasi. Vidole viache vitembee vyenyewe."

Vikatembea, Shangazi. Macho nayo yalijaa machozi, hayakusoma kitu.

Sikujua kwamba kwenye kibodi za kule z na y zimebadilishana mahali. Hata alama ya @ sikuiona, mpaka mzee aliyekaa jirani akanibonyezea. Nikatuma.

Chacha aliuprinti asubuhi ya maziko bila kuupitia. Akasimama mbele ya waombolezaji kule Kemambo, akasoma kilichoandikwa: "Shangayi zangu Robi aliyaliwa..." Akanyamaza. Watu wakadhani amezidiwa na kilio. Ndipo mama Ghati, yule mjane, akainuka. Akasema, "Hiyo karatasi iacheni. Huyu mimi namjua." Akaeleza jinsi shemeji zake walivyokuja kwako uwachapie barua ya kumnyang'anya shamba, ukazima mashine ukawaambia umefunga. Chacha anasema hata wanaume walilia.

Wote wanasema ilikuwa afadhali hivyo. Mimi bado inaniuma. Wewe ulikuwa unarudia ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja, halafu mimi, mwanafunzi wako... Na hata udongo sikutupa.

Chacha aliponisimulia nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu wewe ungecheka mpaka ukae chini. Nikashika simu nikupigie. Jina lako lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kama kawaida. Nikabaki nalitazama.

Jumamosi fundi anakuja kuandika msalaba wako. Nitakaa naye hapo kaburini tangu herufi ya kwanza, na nakuahidi hatainuka mpaka jina lako liwe limekaa sawa. Nikitoka hapo nitamwomba Chacha ufunguo wa steshenari.

Pumzika, Shangazi. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwanao,
Bhoke