Nina Neno Juu Yako

Mwese

Kaka Anselmi,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshajibu "Milele Amina" hata kama uko peke yako, maana kwa majibu ya kanisani mdomo wako haujawahi kuchelewa. Wifi hajambo? Watoto je? Mpunga umechanua, au mvua imewakimbia nyie pia? Huku milimani maharage yametoka vizuri, ila barabara imekatika tena. Kijana wa bodaboda anayeipeleka barua hii mpaka Mpanda anasema sehemu nyingine ataisukuma pikipiki. Mwili wangu ni mzima. Kilichonishikisha kalamu ni moyo.

Unajua kwamba kila Jumapili baada ya ibada napanda hadi kwenye lile jiwe ambako mtandao unashika. Tangu macho ya Mama yafifie, simu ya nyumbani ni yako. Nauliza Mama yuko wapi. "Kalala." Jumapili nyingine, "Yuko jarubani." Mama asiyeona yuko kwenye jaruba la mpunga anafanya nini? Nami mjinga nikaamini. Nyingine ulisema, "Ameenda jumuiya, lakini anakusalimia sana, anasema Mungu akubariki." Basi nashuka mlima nimeshiba.

Nilipojifungua, nilipandishwa hadi kwenye jiwe nimeshikiliwa, nikakupigia. Nikakuomba umuulize Mama jina, maana kwetu jina la mtoto hutoka kwa bibi yake. Hata sijashuka jiweni, ukanipigia: "Mama amesema Generoza." Nililia kwa furaha, na kwa jina hilo mwanangu akabatizwa.

Mwezi uliopita Mama Joni, jirani yangu, alikuja huko kumzika shangazi yake. Nikamwomba apite kwa Mama amsalimie. Aliporudi, alinikuta nachambua maharage, akasimama tu mlangoni.

"Restuta, wewe na mama yako mmekosana nini?"

"Hatujakosana. Kwa nini?"

"Nimempa salamu zako, akaniuliza, 'Restuta yupi? Yule aliyetutupa? Hata Krismasi hapigi simu. Kaka yake ananiambia kahama hata kanisa. Jaruba langu la mtoni nimeshampa huyu aliyebaki.' Nikataka kumtaja mtoto, lakini kaka yako alikuwa kakaa palepale anakunywa uji, akanikazia macho. Nikaona nyie ndugu mtajuana wenyewe."

Jaruba lilime, kaka. Ungeniomba ningekuachia, mimi ninalifikia lini kutoka huku? Kinachonichoma ni zile baraka. Kumbe ulikuwa unazitunga wewe! Nimebeba mimba nikijifariji kwa maneno uliyoyaokota mdomoni mwako, na Mama yangu hajui kama ana mjukuu huku. Umenisaliti, Anselmi, tena kwa sauti ileile unayowasomea watu Injili. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia tu msemo huo.

Sasa sikiliza. Kwenye jumuiya yetu, tukishasoma Injili, kila mtu anachagua neno la kuliishi wiki nzima, na wiki inayofuata anaulizwa aliliishije. Wewe ndiye uliyenifundisha utaratibu huo kabla sijaolewa. Juzi zamu ilikuwa kwangu, na somo lilikuwa lile la sadaka na madhabahu. Nikasema nitaliishi kwa kunyamaza, nikumeze kama dawa chungu, yaishe. Bibi Skola, mkubwa wetu, akanikatiza.

"Kusamehe ni kwako, mwanangu, kubebe. Lakini hilo neno umeokota la mwenzako. Anayeambiwa aache sadaka madhabahuni akapatane kwanza ni nani? Si yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake? Na yeye atakumbukaje wakati wewe umenyamaza?"

Watu wakacheka kidogo, mimi sikucheka. Nilikuja nyumbani nikatafuta karatasi.

Kwa hiyo, kaka, nakukumbusha: nina neno juu yako. Jumapili, padre asipokuwepo, ni wewe katekista unayepokea vikapu vya matoleo na kuvipeleka mbele. Jumapili hii viweke chini. Kutoka kigangoni mpaka kwa Mama ni hatua chache, hata wimbo hautaisha. Mwambie ana mjukuu huku kwangu, na kwamba ameanza kutembea, na mama yake hajahama kanisa wala hajamtupa mtu. Kisha umuulize jina. Akitaja jingine tutamwita hilo nyumbani. Halafu rudi utoe sadaka yako. Mimi nitakuwa juu ya jiwe.

Wasalimie wifi na watoto, yeye simlaumu. Msalimie Mjomba fundi baiskeli, mwambie ile pampu aliyotupatia bado inafanya kazi. Wasalimie wanakwaya wenzangu wa zamani.

Mama usimpe salamu zangu. Mpe simu.

Mdogo wako,
Restuta