Nembo Kumi na Nane za Kolekole

Jumatano, 10 Julai

Nimefungua kibanda saa mbili. Sare tatu za shule. Gauni la bibi harusi wa Pande limerudi tena, eti kiuno kinabana. Kiuno hakina kosa, aliyeongezeka ni bibi harusi.

Barazani pangu kijiwe kimejaa mapema, na habari ni moja tu: uongozi mpya wa Kolekole, timu yetu ya mpira. Misimu miwili timu haina kocha wa maana. Wachezaji wanakwenda mechi Lindi juu ya lori la chumvi. Hata hivyo hatukushuka daraja, na nafasi yetu kwenye ligi tunayo. Sasa Idrisa ndiye mwenyekiti, na amekuja na wenzake wawili kutoka Dar.

Kassimu wa bodaboda hamwamini. Anasema mtu aliyekaa Dar miaka ishirini haamki asubuhi moja akaipenda timu ya Masoko. Nimemjibu kwa ukali. Mimi na Idrisa ni wa kumbi moja. Tulitiwa jandoni siku moja, tukalala mkeka mmoja mpaka vidonda vikapona. Mtu wa namna hiyo hakudanganyi.

Anastazia, jirani yangu anayekaanga mihogo, amepita na karai lake akaniuliza shati hili nimemvua maiti gani. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera. Watani. Nimemzidi miaka kumi lakini shikamoo yake sijawahi kuisikia, wala siitaki. Mtani akianza kukuamkia kwa adabu, ujue amekutoa moyoni.

Jumapili, 14 Julai

Mkutano wa wanachama, darasani shuleni. Idrisa alinipitia asubuhi akaniomba nifungue kwa maneno machache, maana watu wananisikiliza. Nilifurahi kuombwa. Nilisimama nikasema timu ikifa, tutakuwa tumeiua sisi kwa mashaka yetu. Nikasema huyu namjua tangu mkeka wa jandoni. Walipiga makofi.

Idrisa akaahidi kocha mwenye cheti, jezi mpya, basi. Wale wawili wa Dar hawakufungua mdomo. Kassimu aliuliza kwa nini hawasemi, akazomewa. Mimi nilizomea pia.

Kisha pilau. Sahani ziko mikononi, Anastazia akasimama mlangoni na mwiko wake, maana ndiye aliyepika na wenzake. Akasema: "Wamwera mnauzwa, na wali mmeshapakuliwa."

Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Desturi inataka nijibu, nikajibu. Nikamwambia kaa chini Mmakonde, ungoje ukoko. Kicheko kikazidi.

Likapitishwa daftari la mahudhurio kama kila mkutano. Karatasi yenye mistari, juu yake hapajaandikwa kitu. Nikasaini wa kwanza, wengine wakafuata. Anastazia alikataa kalamu. Alisema jina lake haliandikwi kwenye msiba wa watani, yeye kazi yake ni kupika tu. Tukacheka tena.

Siku nzuri sana.

Jumatatu, 15 Julai

Kijiwe kimegawanyika. Kassimu na wenzake wawili upande mmoja, sisi wengine wote upande wa pili. Nimeshona tangu asubuhi huku nabishana. Nimepinda pindo vibaya mara mbili.

Alhamisi, 25 Julai

Furaha. Idrisa ameniletea jezi za timu, kumi na nane, zimefuliwa. Anataka nifumue nembo ya zamani, mpya inakuja. Nimemwuliza mpya ikoje. Akasema nitaipenda.

Hiyo ya zamani niliishona mwenyewe, zote kumi na nane, samaki wa kijani juu ya duara jeupe. Nimekaa na wembe mchana kutwa. Uzi wangu hautoki kirahisi, na hilo limenipa fahari kidogo. Nembo nimezitia kwenye mfuko wa nailoni nikauning'iniza ukutani. Jezi zimebaki vifua vitupu. Jioni mmoja wa wale wa Dar amezifuata, hakusalimia.

Anastazia alinikuta nafumua. Nilingoja matusi. Akaniuliza zile mpya ziko wapi. Nikamwambia zinakuja. Akaenda zake kukaanga.

Jumamosi, 3 Agosti

Leo hakuna mazoezi. Wiki nzima hakujakuwa na mazoezi. Tumeambiwa wachezaji wamepelekwa kambini. Kambi gani, hakuna anayejua. Nimempigia Idrisa mara nne. Simu inaita tu.

Nimewaambia watu wawe na subira. Kassimu hakubishana. Akawasha pikipiki.

Jumanne, 6 Agosti

Timu imeuzwa.

Kassimu alikuja na simu yake saa nne asubuhi. Picha. Vijana wetu sita wamepanga mstari katika mji wa mbali huko kaskazini, wamevaa jezi zilezile. Duara la mshono wangu wa zamani bado linaonekana, na juu yake pameshonwa jina la timu nyingine. Wengine kwenye picha siwajui. Nafasi yetu ya ligi imekwenda nao. Kolekole haipo tena. Haikufungwa, haikushuka. Haipo tu.

Kassimu alikuwa ametoka kuuliza kwa watu wa mpira wa wilaya. Walimwambia kila kitu kimefuata utaratibu, wanachama wenyewe wameridhia. Akaipiga picha hiyo karatasi. Juu pamepigwa chapa: Wanachama waliokubali timu ihamishwe. Chini ni sahihi zetu za siku ya pilau.

Namba moja, Saidi Likwena, fundi cherehani.

Nimekaa. Wote barazani wamekaa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo baya. Wangenitukana ningejua pa kushika. Mtu mzima anayejua kusoma nimetia sahihi kwenye karatasi tupu, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Na aliyetuambia ukweli tulimcheka, kwa sababu ni mtani. Angekuja mgeni akasema maneno yaleyale, tungemwuliza ana maana gani.

Nimefunga kibanda kabla ya adhuhuri.

Ijumaa, 9 Agosti

Idrisa yuko Masoko. Amekuja kumwona mama yake. Nilimfuata baada ya sala. Alikuwa uani, anamenya chungwa. Hakushtuka.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Akaanza yeye. Eti timu ingefia hapa, na hali mimi mwenyewe naijua. Kule kuna mtu mwenye uwezo, vijana sita wamepata ajira, si haba. Alisema taratibu kama mwalimu. Nisingekuwa naumia ningekubali nusu yake.

Nikamwambia: "Idrisa, sisi ni wa kumbi moja."

"Ndiyo maana nilikuomba wewe," akasema.

Akanikatia kipande cha chungwa. Nikakipokea. Sijui kwa nini nilikipokea. Mkono umezoea. Nilipofika barabarani nilikitupa.

Namchukia. Naandika ili nilione limeandikwa. Namchukia mtu niliyelala naye mkeka mmoja.

Jumatatu, 12 Agosti

Watu wameanza kuja kuomba nembo. Nilikuwa nimesahau kwamba ninazo. Wa kwanza Kassimu. Ameniambia nimshonee kwenye koti lake la bodaboda, nikamshonea. Kabla ya kuondoka akasema: "Fundi, usijiue. Wote tulikula."

Alitaka kunipoza. Yeye siku ile hakula.

Alhamisi, 15 Agosti

Kumi na sita zimekwenda. Moja ni yangu. Imebaki moja, ya Anastazia, na hajaja kuichukua. Hatua kumi tu kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye karai lake. Tangu siku ya picha hajapita barazani. Akienda kisimani anazungukia nyuma ya duka la vitenge.

Nimegundua ninavaa shati lilelile kila siku nikingoja aseme kitu.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi nimeipiga pasi ile nembo nikampelekea. Mafuta yalikuwa bado hayajachemka. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: Mmwera aliyeuzwa kwa sahani, Mmwera asiyejua kusoma. Nilitaka aniseme mbele za watu, kwa sauti, wacheke wote, yaishe.

Alifuta mikono kwenye kanga. Akaipokea nembo kwa mikono miwili. Akainama kidogo.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

Nikaitikia marahaba.

Akanifungia mihogo kwenye gazeti, akatia chachandu pembeni. Nimerudi nikakaa kwenye cherehani, nikaila yote. Halafu nimetia zipu kwenye suruali mbili.